Gari ya Kumutoa Bibi Arusi

Gari mbili ziliingia uani kwangu asubuhi moja, na zote mbili nilikuwa nimeziita mimi mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa gari ya sport, nyekundu, milango mbili, chini chini mpaka kuku wangu wakaishangaa. Ya pili ilikuwa pikapu ya kaka yangu kutoka Walikale. Kila moja ilikuja kumutoa binti yangu nyumbani siku ya ndoa yake. Na bibi arusi ni mumoja, anapanda gari moja. Sasa niambie wewe, mutu mwenye akili anafika pale namna gani?

Nilifika pale kwa kusema ndiyo. Sokoni mimi si mutu wa kuchezea. Ninauza maharagi na fromaji, ile jibini ya milima yetu ya Masisi, na ukitaka kunidanganya kwenye kilo nitakusema mpaka wateja wa upande wa pili wa barabara wasimame kusikiliza. Lakini mutu wa familia akiniomba kitu, mudomo wangu unakuwa mulaini. Ninasema ndiyo, ndiyo kabisa, halafu ninamuachia Mungu apange vingine.

Kaka yangu njo aliomba wa kwanza. Alinitumia vokali, sauti ya kurekodi, kwenye simu, mvua inapiga mabati nyuma yake, anapiga kelele kama mutu anayeita ng'ambo ya mto. «Dada! Nimesikia mupwa wangu anaolewa. Mimi njo mujomba yake. Nitakuja na mashini yangu, nitamutoa mimi mwenyewe. Usikubali mutu mwingine amutoe, umesikia?» Nilisikiliza ile vokali nikicheka peke yangu jikoni. Nikamujibu: «Njoo kaka, nani mwingine atamutoa kama si wewe?» Na nilisema kweli. Siku ile nilisema kweli.

Kwetu Walikale, kaka ya mama njo mutu mukubwa wa ndoa. Yeye njo anamushika bibi arusi mukono na kumutoa mulangoni, anasafiri naye, anamufikisha mbele ya watu wa bwana arusi. Pale anakunywa maji kidogo, anampulizia mutoto kwenye paji la uso, anamuambia maneno ya kwenda vizuri na ya kurudi kutusalimia. Sisi ni wakristo, tunasali, na padri anajua; ile dakika anaangaliaka pembeni. Mutoto ambaye mujomba yake hakumutoa, wazee wetu wanasema hakuolewa, aliondoka tu.

Tena kaka alikuwa na sababu yake. Mimi nilipoolewa hapa Bihambwe, hakukuwa na gari ya kunileta. Tulitembea. Yeye mbele na kantini yangu, sanduku la bati, juu ya kichwa, mimi nyuma na viatu mukononi ili visiharibike. Wazazi wetu walikuwa wamekufa, yeye njo alikuwa baba, mama na mujomba. Tulipokaribia kilima cha bakwe zangu, watu wa mume wangu, alisimama kwenye kijito, akaosha miguu, akaniosha na mimi yangu, akasema: «Dada, wewe umetembea. Mutoto wako hatatembea.» Miaka ikapita, akauza mafuta ya mawese, akabeba mizigo ya watu, akafanya kazi kwa gari za wengine, mwisho akapata pikapu yake. Kuukuu, ndiyo. Mulango mumoja unafungwa na kamba. Lakini yake.

Sasa lazima niseme vile nilivyokuwa nimekuwa. Bakwe zangu si watu wabaya. Ni watu wa shamba, wako pale kilimani tangu zamani, ng'ombe, viazi, misa ya jumapili. Walinipokea, lakini kwa muzaha usioisha. «Bibi wa pori, leo unatupikia nyani?» Na wote wanacheka, na mimi ninacheka pamoja nao, kwa sababu ukikasirika utaitwa wa pori mara ya pili. Nikajifunza Kihunde vizuri. Nikajifunza kugandisha maziwa na kukamua fromaji kuliko wao wenyewe. Nikipata wageni wa heshima sikupika tena na mawese, nilipika na mafuta ya chupa. Kaka alikuja mara chache tu, kwa ajili ya barabara na kwa ajili ya vita, na kila alipokuja alishusha kidumu cha mawese cha kunipenda. Nilimushukuru, nikakikimbiza nyumba ya nyuma kabla majirani hawajasikia harufu. Hata marehemu mume wangu aliniuliza siku moja: «Unakificha, kiliibiwa?» Nikamuambia anyamaze.

Basi nikampata mukwe wa Goma. Binti yangu alisomea uuguzi kule, akapendana na kijana wa watu, mupole, mwenye adabu, sina la kumusema. Mama yake sasa! Mama wa kushika kikombe na vidole viwili. Alipokuja kujitambulisha kwangu alipanguza kiti na kitambaa kabla ya kukaa, halafu akatabasamu, na mimi nikamuomba msamaha kwa vumbi ya kiti changu mwenyewe.

Huyo mama akanipigia simu. «Mama mwenzangu, rafiki ya mutoto wetu iko na gari moja ya sport, nzuri, nyekundu. Anaweza kutukopesha imutoe bibi arusi. Itafaa? Ao muko na mupango yenu?»

Aliniuliza vizuri. Mulango aliufungua wote. Nilipaswa kusema: tuko na mupango, Mama, mujomba yake anakuja. Maneno machache tu. Lakini palepale niliiona ile pikapu ikisimama mbele ya watu wa Goma, na kamba yake mulangoni, na harufu yake ya mawese, na kila mutu kilimani akisema: mumeona, mutoto wa bibi wa pori amebebwa nyuma ya pikapu kama mufuko wa makaa. Nikasema: «Itafaa sana, Mama. Asanti sana.»

Na kaka? Kaka sikumuambia kitu. Nilijiambia hatafika. Barabara ya kutoka Walikale mutu anaijua: matope yanameza gari mpaka milango, madaraja ya miti yanaoza, na barriere, vile vizuizi vya njiani, na watu wa kwenye barriere. Jioni, wakati wa kusali rozari, niligundua kitu ambacho mpaka sasa kinanifanya nifunike uso: nilikuwa ninaombea barabara iwe mbaya. Ndugu yangu wa tumbo moja, niko nashika rozari, ninamuombea akwame njiani.

Hakukwama.

Gari nyekundu ilifika ya kwanza. Ilikuwa kiangazi, barabara kavu, lakini gari yenyewe tumbo yake karibu na udongo, basi vijana wa kilima walitembea mbele yake wakiondoa mawe, moja moja, mutu na suruali yake ya sikukuu. Mwenye gari, kijana wa lunetti, miwani nyeusi, alitoa kichwa kwa dirisha: «Polepole! Lile pale! Na lile!» Bakwe zangu, watu ambao hawajawahi kuinama mbele ya mutu, walikuwa wanainama mbele ya ile gari. Na mimi nimesimama mulangoni na kitenge changu kipya, moyo unaniruka kwa furaha. Mungu ananiona, nilifurahi. Kilima chote kilikuwa pale. Hakuna aliyesema neno pori.

Halafu tukasikia mungurumo mwingine kwenye kona. Niliujua kabla ya kuiona gari. Pikapu ikaingia polepole, ikasimama nyuma ya ile nyekundu, na kaka yangu akashuka. Alikuwa amevaa koti. Sikuwahi kumuona na koti. Macho mekundu ya mutu aliyelala kwenye barriere, uso umekonda, lakini amenyoa, amejipaka mafuta, anacheka meno yote. Akanishika mabega. «Dada! Umeona? Nimefika!»

«Umefika, kaka,» nikasema. «Karibu.»

Nyuma ya pikapu kulikuwa na bashi, ile turubai ya kufunika mizigo, imefungwa vizuri pande zote. Nilifikiri ni vidumu. Niliwaza: Yesu, ameleta mawese leo.

Binti yangu alikuwa ndani anavalishwa. Aliposikia sauti ya mujomba yake alitoka mbio na gauni haijafungwa mugongoni, marene wake anamukimbilia nyuma na pini mudomoni. Marene, kwa mutu asiyejua, ni yule mama wa ndoa ambaye pamoja na mume wake, parene, wanawasimamia maarusi na kukaa nao pembeni siku nzima, hata ndani ya gari. Huyu wetu ni rafiki yangu wa soko, mama wa mwili mukubwa na roho kubwa. Binti alimukumbatia mujomba yake, akalia kidogo, akacheka. Halafu akaangalia gari moja, akaangalia ingine. Si mujinga yule mutoto.

«Mama,» akaniuliza, «napanda wapi?»

Uani mote watu wakageuka. Kaka yeye alikuwa bado anacheka. Hakujua kwamba kuna swali. Alifikiri ile nyekundu ni ya mugeni fulani. Binti alikuwa ananiangalia mimi tu. Na najua, kama ningesema pikapu, angepanda pikapu na furaha. Hata kijana wa lunetti asingekasirika, alikuwa anaangalia simu yake.

Nikamugeukia kaka. Nikatoa sauti yangu ya sokoni, ile ya kuuza. «Kaka, pikapu yako njo ya nguvu! Mungu amekuleta. Tuko na masufuria mengi ya kuteremusha Kirotshe kwenye sikukuu, na kuni, na viti, tulikuwa tunajiuliza tutafanya namna gani. Wewe njo utabeba vyakula. Mutoto apande hii ndogo.»

Alibaki na lile cheko usoni, lakini nyuma ya cheko hakukuwa na kitu tena. «Masufuria?» akauliza.

«Eeh, masufuria.»

Akaangalia ile gari nyekundu kwa mara ya kwanza kweli kweli. Akaniangalia mimi. Nilijifanya ninapanga kitenge changu. «Sawa, dada,» akasema. «Ngoja nitoe kitu kwanza.»

Akafungua bashi.

Hakukuwa na vidumu. Kulikuwa na kiti kirefu cha mbao nyekundu ya pori letu, kimepigwa randa mpaka kinang'aa, na mahali pa kuegemea mugongo, na juu yake kipaa cha bati? Hapana, si bati. Fito zimepindwa, zimefunikwa na kitambaa cheupe kilichoshonwa na mutu wa mikono ya polepole. Chini mikeka mipya. Na ile harufu ya mawese niliyoiogopa haikuwepo. Kulikuwa na harufu ya ndimu. Alikuwa ameisugua pikapu yake na majivu na ndimu kwa kila mto aliovuka, nilikuja kujua baadaye. Alikuwa anafungua misumari ya kukazia kiti, na anaeleza huku anafungua, bila hasira, kama mutu anayeonyesha kazi yake: «Hapa ilikuwa yake yeye na mimi, wakati wa kwenda, kijana wa hapa akishika usukani. Na bwana yake wakati wa kurudi. Hapa parene na marene. Nilifikiri jua, njo nikaweka kitambaa.»

Mutu fulani akasema «Eeeh!» kwa sauti ya chini. Wamama wazee wakaanza kusogea kuangalia. Bakwe zangu, wale wa muzaha wa nyani, hakuna aliyecheka. Ningependa wacheke. Wangecheka, ningekasirika, labda hasira ingenipeleka upande wa ndugu yangu. Waliniangalia tu. Bado ulikuwa wakati. Neno moja: acha kaka, usifungue, mutoto apande hapo. Lilikuwa mudomoni, ninaapa. Lakini nilikuwa nimeshasema mbele ya watu wote, na kurudi nyuma mbele ya watu wote kuliniogopesha kuliko dhambi. Nikasema nini mimi? Nikasema: «Kaka, haraka kidogo. Jua linapanda.»

Misumari mingine ilikuwa imekazwa kwa chini. Akavua koti, halafu akaona hakuna mahali safi pa kulitundika, akalivaa tena, akalala chini ya pikapu na koti lake. Alipotoka mugongo wote ulikuwa vumbi. Wanaume wakamusaidia kushusha kile kiti, wakakiweka kando ya ukuta, na wamama wazee wa kilima, wale wasioweza safari, wakakikalia. Mumoja akasema kwa Kihunde kwamba tangu azaliwe hajakaa mahali pazuri hivi. Kaka akamushukuru. Halafu akaanza kupakia masufuria yangu meusi juu ya mikeka yake mipya.

Sasa tuje kwa gari ya sport. Wee! Kiti cha nyuma cha ile gari hakikuwa kiti, kilikuwa mahali pa kuweka kofia. Tulijaribu kumuingiza bibi arusi, gauni ikakataa. Tukasema basi marene aingie nyuma, bibi arusi mbele. Marene akainama, akaingiza kichwa, akaingiza bega, akabaki pale, nusu ndani nusu uani. «Munitoe!» alilia. «Nikiingia humu mutanitoa na shoka!» Kijana wa lunetti anaruka ruka: «Mama, polepole na kiti! Mama, kiti!» Tukamuvuta. Mwisho, binti yangu akakaa mbele peke yake, gauni imepanda mpaka kwenye kidevu, pembeni ya mwanaume asiye wake. Mutoto anatoka nyumbani kwao kwenda kuolewa, amekaa karibu na kijana wa lunetti kama muke wake. Wamama wazee waliona, wakashika midomo. Marene akajipanguza, akaenda kupanda pikapu na mume wake, karibu na kaka yangu. «Humu mutu anakaa,» akasema kwa nguvu, ili nisikie.

Kaka alikuwa amekuja mulangoni, mikono ameiosha, tayari kumushika mupwa wake mukono na kumutoa kama inavyotakiwa. Lakini binti alikuwa ameshapakiwa na kijana ameshawasha. Nikamuambia: «Usijali kaka. Kule kule Kirotshe utamushika, utamubariki mbele ya wote. Hapa kila mutu iko na haraka.» Akasema sawa.

Ungefikiri gari nyekundu ilikwama njiani, pikapu ikaja kuivuta, na mimi nikapata adabu. Hata mimi, kwenye gari ya parokia nyuma yao, nilianza kuitamani ile aibu ndogo, ingefunika hii kubwa. Wapi! Ilishuka mpaka Sake vizuri, ikafuata ziwa, watoto wa barabarani wanapiga kelele, watu wanatoa simu kupiga picha. Ilifika Kirotshe bila mukwaruzo. Misa ilikuwa nzuri. Binti yangu alikuwa muzuri.

Baada ya misa tukaingia ukumbini. Nilikuwa nimesimama karibu na meza ya vyakula na mama wa Goma, ninapokea sifa za gari. «Mumetoka vizuri, Mama mwenzangu, kweli mumetoka vizuri.» Nilikuwa ninasema asanti, asanti. Ndipo akainua kidevu kuelekea mulango wa nyuma. Kaka yangu alikuwa anaingia na lile sufuria kubwa la mchele, amelikumbatia kifuani, masizi yameshika koti na mikono mpaka kwenye viwiko.

«Na yule papa wa masufuria,» akauliza, papa, vile tunamuita mwanaume tusiyemujua, bila ubaya wowote, mutu anayetaka tu kujua, «ni shofere wa pikapu yenu?»

Kaka alikuwa amefika karibu yetu. Karibu sana, ningeweza kumugusa.

Nikasema: «Eeh. Ni shofere.»

Hakusimama. Hakuniangalia kwa nguvu. Alikuwa anahitaji nafasi ya kupita na sufuria lake, na mimi nilikuwa nimezuia njia. «Pardon, Mama,» akasema. «Nipite.»

Nikasogea, akapita.

Moyo wangu ukaanza kutafuta vijisababu kama kawaida yake. Labda hakusikia. Labda anafanya muzaha. Nilijipa moyo kwamba saa ya mujomba inakuja, nitamuita mwenyewe, nitasema mbele ya wote huyu njo kaka yangu, na mama wa Goma atafikiri nilikosea kusikia swali lake. Nilipanga hata maneno. Na saa ikaja. Mwenye kuongoza sikukuu akashika mikro: «Sasa tunamuomba mujomba wa bibi arusi aje amukabizi mupwa wake kwa familia!» Watu wakapiga vigelegele. Binti yangu akasimama, akageuka kutafuta.

Kaka alikuwa kwenye mulango wa nyuma, pamoja na mashofere wengine, na sahani mukononi. Watu wa protokole, wale wa kupanga wageni, walikuwa wamempa chakula pale. Nilimuona akiweka sahani chini. Nilimuona akijipanguza mikono kwenye suruali, kwa mbele, kwa nyuma, halafu akaigeuza akaiangalia. Masizi hayakutoka. Akainua macho, akaniona. Mimi nilipaswa tu kuinuka. Mama wa Goma alikuwa amekaa bega kwa bega na mimi, harufu yake ya manukato puani kwangu. Sikuinuka.

Akanitikisia kichwa kidogo: hapana, acha. Na akaokota sahani yake.

Dada mumoja wa protokole akaja sikioni kwangu. «Mama, mujomba iko wapi? Watu wanangoja.» Nikamuonyesha katekista, binamu ya marehemu mume wangu, mutu wa kravati shingoni na lunetti za kusomea, ambaye na Walikale hawajawahi kuonana. «Yule pale,» nikasema. «Muite yule.» Katekista akashangaa, lakini mutu wa mikro hakatai mikro. Akaenda, akamushika binti yangu mukono, akafanya sala ndefu, nzuri, ya kitabu. Binti yangu alikuwa hamuangalii. Alikuwa anaangalia mulango wa nyuma, akaniangalia mimi, akaangalia tena mulango. Kaka alimuinulia kidevu: endelea, mutoto. Na wakati watu walipiga makofi, yeye pia alipiga, sahani imebanwa kwapani. Hakuna aliyempulizia mutoto wangu maji kwenye paji la uso. Marene tu, kwenye meza kubwa, aliinamisha kichwa na hakupiga makofi.

Gari ya parokia ilirudi mapema. Ya sport iliondoka na maarusi kuelekea Goma, bwana arusi akiendesha, parene na marene nyuma yao na watu wa Goma, honi zinalia. Alasiri nikapanda pikapu, mbele, karibu na kaka yangu, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kunirudisha, na masufuria yanagongana nyuma.

«Mulango wa upande wako haushiki vizuri, Mama,» akasema. «Shika ile kamba.»

Nikacheka. Nilifikiri njo mwanzo wa kunigombeza, na nilikuwa ninautaka ule ugomvi, anitukane, anikumbushe kijito, anikumbushe kantini juu ya kichwa chake, mimi nilie, yeye alie, tuishe. Hakucheka. Aliendesha. Penye mashimo alipunguza mwendo. Pale Sake alisimama akaniuliza kama Mama anataka maji. Alikuwa na sauti nzuri, ya heshima, ile sauti anayoitumia na watu wenye mizigo. Nilifungua mudomo mara nyingi. Kila nilipotaka kusema kaka nisamehe, niliona kwamba upande ule wa usukani hakukuwa na kaka wa kumuambia. Kulikuwa na shofere mwenye adabu, na mimi njo nilimuweka pale, kwa neno moja, karibu na sufuria la mchele.

Kilima kilikuwa bado na mwanga tulipofika. Wamama wazee walikuwa wameenda. Alizima mashini, akashuka, akaja upande wangu kunifungulia ule mulango wa kamba, akafungua na nyuma. Nilibaki nimesimama uani na viatu vyangu vya sikukuu. Majirani wawili walikuwa wanapita, wakasimama kutusalimia.

«Mama,» akauliza, «masufuria tunashusha wapi?»

Na mimi, mbele ya wale majirani, mudomo wangu mwenyewe ukajibu: «Kule nyuma, Papa. Karibu na jiko.»